Hodi kwa Mtemi Kigwe

1

Zamda Kapalata alisogea hadi ukingoni mwa ramani, akasafisha koo, akapiga hodi.

Ukumbi wa zamani wa reli pale Tabora ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Ramani ilikuwa imemwagwa sakafuni kwa mwanga, milima ikiwafikia watu magotini, mito ikipita katikati ya viatu vyao. Ilikuwa siku ya kutoka kwa Milki ya Tano, na wapenzi wa mchezo huo, wanaojiita Msafara, walikuwa wameisubiri kwa muda ambao wenzao waliutumia kuoa, kuzaa na kuachana. Zamda alikuwa kirongozi wao, yule anayetangulia njiani. Hodi ya kwanza ilikuwa haki yake.

"Ho..."

"Karibu, mchezaji," alisema Mtemi Kigwe.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Mtu asiyejua Milki angeuliza kosa liko wapi, na angetazamwa kama aliyetema mate kwenye chungu cha watu. Katika Milki jeshi halivuki mpaka kabla kiongozi wake hajapiga hodi kwa sauti yake mwenyewe, hadi mara tatu. Ndicho kilichoutenga mchezo huu na michezo mingine ya vita, ambako watu huingia nchi za wenzao kama mbuzi shambani. Na Mtemi Kigwe, adui ambaye kila mchezaji alipambana naye, hakuwahi kuitikia kwa haraka. Alikaa kimya kwanza. Ulimsikia akikohoa, akisogeza kigoda. Wachezaji waliusoma ukimya ule: ukiwa mfupi, amejiandaa, ukiwa mrefu, anaogopa au anakula. Kisha angeuliza, "Hodi ya mtu mmoja, au ya jeshi?"

Ulijibu "ya jeshi", na vita vikaanza. Ilikuwepo kanuni kwa atakayejibu "ya mtu mmoja": aliingia kama mgeni, akalishwa, akaaga, na lango lililomsindikiza mgeni kwa amani halikufunguliwa tena kwa vita msimu mzima. Akiwa ni kirongozi aliyejibu hivyo, basi alikuwa amewajibia wote walio nyuma yake. Hakuna mtu mzima aliyeitumia kanuni hiyo. Watoto waliitumia siku ya kwanza, kwa woga, wakachekwa.

Na alikuwa na utani, Mtemi yule. Wasichana aliwaita wachumba wake, wavulana aliwaita wezi wa wachumba wake, kama babu yeyote afanyavyo kwa wajukuu. Watu walitukanwa naye wakaenda kusimulia nyumbani kwa fahari.

Zamda alijaribu tena. "Hod..."

"Karibu, mchezaji."

Nyuma mtu alicheka, kicheko cha msibani.

"Sasa huyu ni mtu gani anayeitikia hodi kabla haijaisha?" aliuliza Chande Mfaume. Chande alikuwa fundi wa taa za reli na makamu wa Zamda, na walikuwa wamecheza pamoja tangu Milki ya Kwanza. "Kirongozi, wametupa sanamu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Milki zote nne za mwanzo zilitengenezwa mjini hapohapo, mtaa wa Isevya, katika Karakana ya Kasuka, na mtunzi wake, aliyempa Mtemi sauti yake, alikuwa Mzee Anselmi Kasuka. Kisha Leokadia, bintiye mzee na msimamizi wa karakana, akawakabidhi mchezo watu wa Mbiu Tisa, kampuni kubwa ya Arusha yenye kuta za kioo. Hakutoa sababu. Alisema tu kwamba baba amepumzika.

Sasa watu wote walikuwa wanamtazama Zamda, wanangoja awape la kusema. Kazi yake ya kumpatia ugali ilikuwa ushereheshaji wa harusi, na mshereheshaji anaijua sentensi itakayoshika. Anaionja kwanza mdomoni. Zamda aliionja, akaona tamu, akageukia ukumbi.

"Ndugu zangu," alisema, "mtoto kauza baba."

Walianza kupiga miguu pale pale, juu ya ile milima ya mwanga, na wakaiimba mpaka mlinzi akaja kuwazimia umeme.

2

Kabla mvua hazijaanza, sentensi ile ilikuwa imechapwa kwenye kanga. Vijana waliipiga kwenye ngoma za harusi. Leokadia Kasuka alipokwenda sokoni, muuza nyanya alimuuliza, "Dada, leo unamuuza nani?" na soko zima likacheka. Zamda aliposimuliwa hayo alicheka hadi akashika mbavu.

Alifanya na zaidi ya kucheka. Msafara ulipokutana tena, mtu mmoja alikuja na kinyago chenye sura ya Leokadia, na Zamda akakivaa akaendesha mnada. "Baba mmoja, bado yuko imara, haongei sana! Nani anaanza?" Watu walipanda dau kwa vifungo vya mashati na maganda ya karanga. Sherehe ilinoga. Zamda mwenyewe alikiri kwamba hakuna harusi aliyowahi kuichangamsha namna ile.

Mbiu Tisa walivumilia, wakachoka, wakasalimu amri. Walitangaza kwamba kampeni kuu ya msimu itafunguliwa na Mtemi wa kweli. Mzee Kasuka mwenyewe alikuwa amekubali kurudi, kwa kampeni hiyo moja tu, ya miezi kadhaa, dhidi ya Msafara wote kwa pamoja. Tabora ililipuka kwa vigelegele. Zamda alibebwa mabegani.

Siku iliyofuata simu ikaita.

"Bi Zamda, mimi ni Leokadia Kasuka. Naomba uje nyumbani tuzungumze." Sauti ilikuwa ya mtu aliyejipanga. "Ukifika usipige hodi. Nipigie simu, nitatoka."

Zamda alimsimulia Chande huku akitingisha kichwa. "Umekisikia kiburi hicho? Mwanamke hata hodi hapigiwi!"

"Vaa kanga," alisema Chande.

Na aliivaa. Tusimpake mafuta mtu kwa mgongo wa chupa: aliitoa kabatini, akaipiga pasi, akaitupia mabegani ili maandishi yasomeke vizuri mgongoni na kifuani. Alishuka kwenye kiberenge cha umeme pale Isevya, akatembea kwa madaha kupita nyumba zenye matanki ya kuvunia maji ya hewani, mpaka kwenye lango la Kasuka. Lango lilikuwa wazi. Simu ilikuwa mkononi. Akaitazama, akairudisha kwenye mkoba.

"Hodi!" aliita.

Ndani ikawa kimya.

Zamda aliujua ukimya ule, aliujua tangu ujana wake. Mtu alikohoa. Kigoda kikasogezwa. Mwili wote ukamsisimka, machozi yakamlengalenga, na kabla hajayafuta ikaja ile sauti.

"Hodi ya mtu mmoja, au ya jeshi?"

Leokadia alitoka mbio jikoni, mikono ikiwa na unga. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo ya Zamda. Aliitazama kanga, kisha akamtazama usoni.

"Nilikuomba," alisema.

"Nilisahau," alisema Zamda. Alikuwa anadanganya na wote wawili walijua.

"Mjumbe!" iliita sauti ya ndani. "Mwache apite. Anayepiga hodi namna hiyo ana jeshi kubwa."

Mzee Anselmi Kasuka alikuwa ameketi mezani na sahani ya wali uliopoa. Alivaa shati lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Mbele yake maharage mabichi yalikuwa yamepangwa kwa vikosi, na alikuwa anayasogeza moja moja kwa kidole, akiyanong'oneza. Alipomwona Zamda uso wake uling'aa.

"Mchumba! Umenenepa tangu tupigane kwenye Mto wa Chumvi. Mjumbe, mpe kiti." Akamwinamia Zamda kama anayempa siri. "Huyu mjumbe nililetewa na watu wa magharibi. Mtiifu sana. Lakini hana utani, na wakati mwingine analia bila sababu."

Zamda alicheka, akidhani ni mchezo. Alimtazama Leokadia amsaidie kucheka. Leokadia alikuwa anaokota punje za wali zilizoanguka kwenye shati la baba yake.

"Baba, maliza kula," alisema.

"Ananiita baba," mzee alimwambia Zamda, akifurahi. "Ndiyo desturi ya kwao."

Kisha macho yake yakatua kwenye kanga. Aliinyoosha kwa vidole viwili kama mtu anayesoma barua, akatamka neno baada ya neno. "Mtoto... kauza... baba." Akawaza. Uso wake ulipata huzuni ya ghafla. "Maskini. Mtoto wa nani huyo?"

"Sijui, baba," alisema Leokadia. "Ni msemo tu."

Zamda aliivua kanga. Hakujua aiweke wapi. Aliikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkononi, akaikalia.

3

Walizungumzia uani, kando ya tanki la maji. Leokadia alikuwa amekwenda kuchukua kitu kwenye sanduku: kilemba cha nyuzi nyembamba za rangi ya majivu, laini kama utando wa buibui.

"Mtemi hakuwa mashine," alisema. "Mtemi ni baba. Baba alivaa hiki asubuhi, akakaa kwenye kiti chake, na Baraza likaanza kumuuliza."

Baraza lilikuwa mtambo uliojaza chumba cha nyuma, sasa umezimwa na kufunikwa shuka. Leokadia alieleza kwa maneno ya kawaida, kama mtu aliyekwisha kuwaeleza madaktari wengi. Mchezaji akipiga hodi popote duniani, swali lilipita kwenye nyuzi hadi kichwani kwa mzee: mwanamke huyu yuko lango la mashariki, kiburi chake ni hiki, chakula cha jeshi lake ni hiki, unamjibuje? Mzee hakuyasikia maswali. Alijiona tu kama mtu anayeota mchana. Lakini kila jibu lilikuwa lake, na kila kikohozi, na kila utani. Maelfu kwa maelfu kwa siku.

"Ukikanyaga nyasi mahali pamoja kila siku panakuwa njia," alisema. "Kwingine kunaota majani. Ninyi wote mlimpitisha baba kwenye njia moja, ya Mtemi. Ile ya kwenda kwa marehemu mama imeota. Ya kwangu imeota. Siku hizi hata hodi ya jirani inampeleka kule kule."

"Alijua?"

"Mwanzoni hakuna aliyejua. Alipojua alisema amalize Milki ya Nne kwanza. Alipoimaliza alikuwa hakumbuki kwamba alitaka kuacha. Ndipo nikawapa watu wa Arusha mchezo, nikawaambia watengeneze Mtemi wao. Nilijua atakuwa mbovu."

Zamda alitafuta mahali pa kutazama. "Kwa nini hukusema, dada yangu? Ungesema tu!"

"Niseme nini? Kwamba mtunzi wa Milki anamuuliza mwanawe ametoka nchi gani? Watoto waje kuchungulia dirishani wampigie hodi wamcheke? Baba yangu ni mtu wa haya, Bi Zamda. Hata joto liwe namna gani hafungui kifungo cha shingo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Nikiitwa muuzaji, muuzaji anaweza kwenda sokoni akarudi. Yeye hawezi."

"Basi ikatae hii kampeni."

"Watu wa Arusha walimpigia yeye. Wakamwambia Msafara wote unamtaka. Alilia kwa furaha, akasaini. Ili nimzuie inabidi nimpeleke mahakamani, madaktari wasimame mbele ya watu waseme Anselmi Kasuka hana akili timamu." Alikikunja kilemba taratibu. "Daktari anasema vita moja zaidi ya namna hiyo, na watu wote wale, hatarudi tena."

Ndani mzee alikuwa anacheka peke yake. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyemtega mwenzake akanasa.

Zamda alisema kwa sauti ndogo, "Lakini ana furaha."

"Unadhani sijaliwaza hilo?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Leokadia ilipanda. "Akiwa Mtemi anacheka. Akiwa baba yangu anahangaika, anatafuta vitu, anaona aibu kwamba hanijui. Sina hakika hata kidogo kama natenda haki. Lakini siku nyingine, asubuhi, akishaamka na kabla hajakaa mezani, ananiita Kadia. Anauliza kama nimekunywa chai. Ni kitambo kidogo tu, halafu anaondoka tena. Ndicho nilichobaki nacho, na hicho ndicho mnachokuja kuchukua."

Tanki lilidondosha maji. Zamda alisikia kinyago kile usoni, jasho lake na harufu ya gundi, na sauti yake mwenyewe ikinadi: bado yuko imara, haongei sana. Aliona aibu.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Ninyi ndio mnaopiga hodi. Acheni kupiga."

"Msafara hautanisikiliza bila sababu. Wataniuliza kwa nini."

Leokadia alimtazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Uliposema nimemuuza baba yangu," alisema, "walikuuliza kwa nini?"

4

Alijaribu. Alimfuata Chande kwenye kibanda chake cha reli, akamkuta anafuta lenzi ya taa kwa shati kuukuu, akiimba ule wimbo.

"Nimewaza tuahirishe," alisema Zamda. "Mzee amechoka."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona tu."

Chande aliiweka lenzi chini. "Ulikwenda kule ukiwa na kanga mabegani. Umerudi huna. Amekupa nini yule mwanamke?"

Zamda alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi: mzee hamjui mwanawe. Angelisema, Chande angekaa chini, angeshika kichwa, angelia pamoja naye, kwa maana Chande hakuwa mtu mbaya. Na angemwambia mkewe tu. Na mkewe angemwambia dada yake tu. Mpaka Ijumaa watoto wangekuwa kwenye dirisha la Isevya wakipiga hodi. Alilisikia jibu likija hadi kwenye meno, tamu kama ile sentensi ya kwanza, na akatambua kwamba utamu wake ni uleule. Lingemsafisha yeye na kumvua nguo mzee.

"Hajanipa kitu," alisema.

"Basi kapige hodi, kirongozi. Tumengoja mno."

Alitoka bila kuaga vizuri. Njiani alipita duka lenye kanga zile zimetundikwa mlangoni, za rangi tatu, na mwenye duka akampungia mkono kwa heshima.

5

Siku ya kampeni ukumbi haukutosha. Watu walikaa hadi juu ya mabehewa ya zamani nje, wakitazama ramani kwenye vioo vya simu zao. Majeshi ya Msafara wote yalikuwa nyuma ya bendera ya Zamda, kutoka Kigoma hadi Lindi hadi kwa Wanyamwezi waliohamia mbali, na yalijaza bonde lote la mwanga hadi ukutani. Lango la Mtemi Kigwe lilikuwa limefungwa. Nyuma ya lango lile, Zamda alijua, palikuwa na nyumba ya Isevya, na mzee mwenye shati lililofungwa shingoni, na kilemba kichwani. Na mtu aliyesimama nyuma ya kiti.

Alipiga hodi.

Kimya. Ukumbi ulifumba macho kwa raha. Mtu alikohoa, kigoda kikasogezwa, na watu wazima wakaanza kulia waziwazi.

"Hodi ya mtu mmoja, au ya jeshi?"

Makelele yaliyozuka yangeweza kung'oa paa. Chande alimpiga Zamda begani. "Mjibu, mjibu!"

Zamda alisogea hatua moja kuelekea langoni. Alimsikia mzee akipumua kwa hamu upande wa pili, kama mtoto anayengoja ahadi. Alikuwa ameyapanga maharage yake. Leokadia alisema hana hakika kama anatenda haki. Zamda naye hakuwa nayo. Alijua tu ni nani atakayeulizwa asubuhi kama amekunywa chai, na ni nani hataulizwa tena.

"Ya mtu mmoja, babu," alisema.

Mwanzoni watu walidhani ni utani. Kisha bendera zikaanza kulala chini, kikosi kwa kikosi, bonde zima, kama majani yanavyolazwa na upepo.

"Mchumba," alisema Mtemi polepole, "na lile jeshi lililosimama nyuma yako?"

"Ni wapita njia."

"Nilikuwa nimekupangia vita nzuri sana."

"Najua, babu. Nisamehe."

Ukimya ulikuwa mrefu kuliko wowote ambao Msafara uliwahi kuusoma, na safari hii hakuna aliyejua maana yake.  Zamda alikuwa amemnyima mzee furaha yake ya mwisho, mbele ya watu, na mzee hakujua kosa lake.

"Mgeni ni mgeni," Mtemi alisema hatimaye. "Kula kwanza."

Kwenye ramani meza ndogo ilitokea mbele ya lango, na bakuli. Zamda alikula mwanga ule usio na ladha, tonge kwa tonge, kama kanuni inavyotaka. Hakuruka hata moja.

"Nimeshiba. Naaga, babu."

"Nenda salama." Na baada ya kikohozi: "Una adabu, wewe. Siku hizi watu wanaingia tu."

Lango likajifunga. Juu yake yakawaka maandishi ambayo wengi wao walikuwa hawajawahi kuyaona: msimu umekwisha kwa amani. Mkataba ulikuwa wa kampeni moja, na kampeni imekwisha. Mtemi wa kweli asingerudi tena.

Chande alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alipoongea hakupiga kelele. "Miaka yote hii, Zamda. Nipe sababu tu. Moja. Nitasimama hapa mbele yao nikutetee."

Alikuwa anamaanisha. Zamda alimtazama rafiki yake, na akapenda sana kumjibu.

"Sina," alisema.

Chande aliichukua bendera ya Msafara mikononi mwake, akaondoka nayo. Nyuma, karibu na mlango, kijana mmoja alianza kupiga mguu. Mwingine akafuata. Zamda aliitambua ngoma kabla maneno hayajaja, maana yeye ndiye aliyeitunga, na alipolisikia jina lake aliona kwa jicho la kazi kwamba limekaa vizuri palepale lilipokuwa neno mtoto.

"Zamda kauza baba! Zamda kauza baba!"

Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Alitoka katikati yao ameinamisha uso, na maganda ya karanga yakimwangukia mabegani.

6

Harusi zilimkimbia. Walioingia mkataba naye walitafuta udhuru, mmoja baada ya mwingine, na yule mwenye duka la kanga alimgeuzia mgongo. Alivumilia. Jambo ambalo hakuweza kulivumilia lilikuwa lingine: hakuwahi kumwomba Leokadia msamaha. Pale uani alikuwa ameuliza afanye nini, kama mtu anayeomba kazi. Neno lenyewe hakulitamka. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena siku nyingine, hivyo hivyo.

Kwa hiyo asubuhi moja, jua likiwa bado changa, alishuka Isevya bila kanga na bila madaha, amebeba chupa ya asali ya miombo iliyofungwa kwa jani la mgomba. Lango lilikuwa wazi. Mlango wa nyumba nao ulikuwa wazi, na kwa ndani aliuona ukingo wa meza. Hapakuwa na maharage juu yake bado.

Alisimama. Mtu aliyelelewa hawezi kuingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, wala hawezi kusimama mlangoni mwa watu kimya kama mwizi. Midomo ilikuwa imeshajikunja kulitamka. Ndipo akamsikia mzee, si kwa ile sauti ya langoni. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu aliyetoka usingizini.

"Kadia. Umekunywa chai?"

"Bado, baba. Tunywe wote."

Vikombe vililia. Leokadia alitokea kwenye ukingo wa meza na birika mkononi, akainua macho, akamwona. Hakushtuka. Walitazamana kupitia mlango ule ulio wazi, Zamda ameibana chupa ya asali kifuani, na hodi ameimeza.

"Kadia," mzee alisema, "kama kuna mtu mlangoni?"

Leokadia alimimina chai. Hakuyaondoa macho kwa Zamda mpaka kikombe kilipojaa.

"Hakuna mtu, baba," alisema. "Angekuwepo angepiga hodi."

Zamda aliiweka chupa chini, taratibu, isigonge jiwe, akarudi alikotoka.